Mitambo Iliyoachwa Peke Yake: Kutoka Taa za Ras Serani Hadi Vumbi la Mirihi

Chombo kinachotoka bahari kuu na kuuelekea mlango wa Kilindini, kiwe meli ya makontena yenye shehena ya Asia au jahazi linalorejea na mikoko ya Lamu, hakina budi kupenya kati ya miamba isiyomhurumia mzembe. Na dalili ya njia yake ni taa za Ras Serani, ncha ile ya kisiwa cha Mombasa ambayo leo imezungukwa na barabara ya Mama Ngina, pamoja na mibuyu yake na wauzaji wake wa madafu na mihogo. Taa hizo zimepangwa moja mbele na chini, nyingine nyuma na juu, hata nahodha azionapo zimesimama wima, ya juu sawasawa juu ya ya chini, hujua kwamba amo ndani ya njia, na zikianza kutengana hujua kwamba mkondo unampeleka pasipo pake. Watu wengi huja pale jioni kupunga upepo, hasa tangu ufuo huo ulipotengenezwa upya na kufanyiwa sherehe za Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2019, nami sidhani kwamba mmoja wao katika mia hujiuliza ni nani aiwashaye taa magharibi ikiingia.

Aghalabu taa za namna hii siku hizi haziwashwi na mkono wa mtu. Hujiwasha jua likizama na kujizima kukipambazuka, na mtu huzijia kwa zamu tu, kufuta kioo, kukagua betri, na kupaka rangi palipoanza kushika kutu. Jambo hili limezoeleka mno hata limepotewa na ajabu yake, ilhali ndani yake mna mushkeli ule ule unaowakosesha usingizi wahandisi wa roboti wa zama zetu: vipi mtambo utatenda amali yake siku nyingi, miezi mingi, na ikijaliwa miaka mingi, pasipo na binadamu karibu wa kuusaidia. Wengi hudhani kwamba ugumu wa jambo hilo umo katika akili ya mtambo. Tarihi yake haisemi hivyo. Yasema kwamba hakuna mtambo uliopata kuachwa peke yake kwa dhati. Kilichobadilika tangu kale ni urefu wa muhula baina ya ziara moja ya binadamu na ziara ya pili, na kila fundi aliyepata sifa katika fani hii aliipata kwa kuurefusha muhula huo.

Mafundi wa dola za Kiislamu walikuwa wameanza zamani. Katika karne ya 9, huko Baghdad, wana watatu wa Musa bin Shakir walitunga kitabu cha hila za mitambo kilichojaa vyombo vinavyojiendesha kwa maji na hewa. Na mwaka 1206 Ismail al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Kiartuki katika nchi ya Diyarbakir, alikamilisha kitabu chake mashuhuri ambamo alieleza saa kubwa ya maji iliyofanana na ngome, yenye milango iliyofunguka kwa zamu, ndege wa shaba walioangusha mipira midomoni, na wanasesere waliopiga ala za muziki, wala nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Walakini hodhi lake lilipokwisha maji, saa ile ilinyamaza mpaka mtumishi alipokuja na ndoo.

Minara ya taa ya bahari zote ilikuwa na mtumishi wa namna hiyo kwa muda mrefu sana. Alikaa mwambani pamoja na jamaa zake, akapanda ngazi kabla ya jua kuchwa, akakata utambi, akatia mafuta, akafuta masizi kwenye kioo, akakesha, na kulipokucha akateremka kulala. Kazi yake haikuhitaji elimu kubwa, lakini ilihitaji sifa moja ambayo ni adimu kwa wanadamu, nayo ni kutokosa hata usiku mmoja. Serikali zilizomlipa zililalamikia gharama yake. Zaidi ya hayo, iko miamba mingi yenye hatari ambayo haikaliki na mtu kabisa, na hiyo ilibaki gizani.

Aliyekata shauri hilo ni Gustaf Dalén, mhandisi wa Uswidi. Alitumia gesi ya asetilini, ambayo hutoa mwanga mweupe wenye nguvu lakini huripuka kwa sababu ndogo, akaituliza kwa kuiyeyusha katika asetoni iliyonyonywa na kitu chenye matundu mengi ndani ya mtungi wa chuma. Kisha akabuni kifaa cha kuikata gesi vipande vipande, hata taa ikawa inamweka kwa nukta moja na kufifia, na kwa hila hiyo ikatumia kama sehemu moja katika kumi tu ya gesi ambayo ingeliwa na mwale usiokatika. Hatimaye, mwaka 1907, akaunda vali ya jua, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyopata kuchongwa na mkono wa fundi. Ndani yake mna vijiti vinne vya madini: vitatu vimesuguliwa hata vinang'aa, na cha nne, kilicho katikati, kimepakwa weusi. Mwanga wa mchana ukivipiga, vile vinavyong'aa huurudisha, na kile cheusi huumeza, kikapata moto, kikarefuka kwa kiasi kisichoonekana na jicho, kikaufunga mlango wa gesi. Jua likichwa hupoa, hufupika, mlango ukafunguka, na gesi ikauendea moto mdogo unaongoja daima. Hata mawingu mazito ya masika yakitia giza katikati ya mchana, taa hujiwasha bila ya kuamriwa.

Dalén alitunukiwa nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huo huo mripuko wa mitungi aliyokuwa akiijaribu ulimpofua macho yote mawili, na nduguye ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake. Yeye akaendelea kuiongoza kampuni yake, AGA, hata alipofariki mwaka 1937. Kazi yake ilifika pwani yetu angali hai. Mnara wa taa wa Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kusini ya mji wa Unguja, ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, na mwaka 1926 ukatiwa taa ya gesi ya AGA. Muhula uliokuwa wa usiku mmoja ukawa wa miezi, kwani kilichobaki ni safari ya kupeleka mitungi. Basi yule asemaye kwamba mitambo ya kujitegemea ni mgeni aliyeingia Uswahilini jana na simu za mkononi, na ajue kwamba mmoja wao ulikuwa ukitumika karibu na Unguja kabla ya baba zetu wengi kuzaliwa.

Ifahamike hata hivyo kwamba vali ya Dalén iliulizwa swali moja tu, kumekucha au kumekuchwa, na hakuna siku jua lilipokosa kurudi kuijibu. Roboti huulizwa maswali mengi, na mengine hayana jawabu la hakika. Wa kwanza kuonyesha tofauti hiyo kwa vitendo alikuwa William Grey Walter, mtaalamu wa ubongo aliyefanya kazi Bristol huko Uingereza, ambaye katika miaka ya 1948 na 1949 aliunda kobe wawili wa mashine, akawaita Elmer na Elsie. Walitambaa sakafuni wakiufuata mwanga, wakigonga kiti wakageuka, na betri zao zilipodhoofika wakarudi wenyewe katika kibanda chenye taa kwenda kujitia umeme. Watu walicheka na kustaajabu. Lakini jambo la maana lilikuwa lile la kibanda. Kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa imepewa jukumu la kujitafutia riziki yake, na hivyo ziara moja katika ziara za binadamu ikafutwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kali kuliko zote, kwa kuwa mtambo ulipelekwa mahali ambapo ziara haiwezekani. Nayo pia ilipita katika maji yetu. Katika ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio waliweka majukwaa ya chuma baharini yaliyoitwa San Marco, na kutoka hapo wakarusha setilaiti yao tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa hilo na setilaiti ya Marekani ambayo msimamizi wake, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuipekua mbingu kwa miale ya eksirei. Ilijizungusha polepole, ikaifagia mbingu kwa jicho lake mpaka Machi 1973, na orodha ya vyanzo vya miale hiyo iliyotokana nayo ilifika 339. Naye Riccardo Giacconi, aliyeiongoza elimu yake, alipewa nishani ya Nobel mwaka 2002. Huko juu hakuna fundi wa kupanda na bisibisi. Kila ziara ambayo ingehitajiwa ilikuwa sharti itabiriwe kabla ya safari na kutiwa ndani ya chombo kama akiba. Na iliyosahauliwa ilibaki kufanywa kwa amri za redio kutoka ardhini.

Jinsi amri hizo zilivyo na thamani, ilidhihirika Januari 2004, siku ya 18 ya roboti iitwayo Spirit katika sayari ya Mirihi. Chombo hicho chenye magurudumu sita kilinyamaza ghafla, kisha kikaanza kutoa maneno yasiyofahamika. Wahandisi walioko Pasadena, California, waligundua kwamba kilikuwa kikijizima na kujiwasha upya tena na tena, na kwamba usiku hakikulala, bali kilikesha kikimaliza betri yake. Sababu yake ilikuwa ya kuchekesha kama isingalikuwa ya hatari: mafaili yaliyokusanyika tangu safari ianze yalikuwa yameisonga kumbukumbu yake, na kila kilipoamka kikataka kuyasoma yote, kikashindwa, kikalala, kikaamka. Kilichowahi kukiokoa ni agizo la kukiamsha bila ya kuigusa kumbukumbu ile, kisha kufuta yasiyohitajika. Roboti hiyo ilikuwa imejaribiwa sana kabla ya kuondoka, ila haikuwahi kujaribiwa kwa wingi wa siku kiasi hicho. Mushkeli wa muda mrefu una tabia hiyo, kwamba hauonekani mpaka muda mrefu wenyewe upite.

Pacha wake, Opportunity, alitua mwezi ule ule, akiwa amehesabiwa kutumika siku 90 za Mirihi. Hesabu hiyo ilitokana hasa na vumbi, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba litatanda juu ya paneli za jua na kupunguza umeme siku hadi siku. Lakini pepo za Mirihi, ambazo hakuna aliyeziweka katika hesabu, zilipita mara kwa mara zikazifagia paneli, na roboti ikaendelea kwa miaka zaidi ya 14, ikatembea zaidi ya kilomita 45, mpaka tufani ya vumbi iliyoifunika sayari nzima ilipoinyamazisha Juni 2018. Wahandisi waliendelea kuiita miezi mingi, na tarehe 13 Februari 2019 wakatangaza kwamba kazi yake imekwisha. Wapo walioandika kwamba huo ulikuwa ushindi wa akili ya mashine. Mimi nauona kuwa ni ushindi wa upepo, uliokuwa mfagizi asiyeajiriwa, na wa watu wengi wa Pasadena ambao kwa miaka 14 walikuwa wakiipangia roboti hiyo kazi zake. Ikiwa huko ndiko kujitegemea, basi ni kujitegemea kwa mtu mwenye watumishi wengi.

Turudi baharini, ambako vumbi lake ni chaza na majani. Kila mwenye chombo katika Bandari ya Kale ya Mombasa ajua kwamba jahazi haliachwi majini mwaka mzima, ila hupwelezwa, likaparuzwa tumbo na kupakwa deheni, la sivyo huwa zito na kuliwa na wadudu. Roboti za baharini hazikusamehewa sheria hiyo. Ziko nyingi leo: vielea vya mradi wa Argo, vilivyoanza kutupwa baharini tangu kumalizika kwa karne ya 20 na ambavyo sasa vinakaribia 4,000 duniani, huzama mita 1,000, huchukuliwa na mkondo, hushuka mpaka mita 2,000, kisha hupanda vikipima joto na chumvi, vikatoa habari zake kwa setilaiti kila baada ya siku 10 hivi. Siri ya umri wa vielea hivyo wa miaka kadhaa ni kwamba hukaa muda mwingi katika maji baridi na meusi, mahali ambapo chaza hawashiki. Na betri ikiisha huachwa vipotelee huko. Wahandisi hawakuishinda ziara, bali waliinunua kwa kukubali hasara.

Hata hivyo kielea sharti kitupwe na mtu, na boya lililofungwa nanga sharti litembelewe na meli. Uharamia wa Somalia ulipopamba moto, meli za utafiti zilikoma kuthubutu kuingia magharibi ya Bahari ya Hindi. Maboya ya mtandao wa RAMA, uliokusudiwa kuzichungua pepo za kusi na kaskazi ambazo mababu zetu walisafiria, hayakuweza kuwekwa upande wetu kama ilivyopangwa. Na wanasayansi wa Argo wa Australia ikawabidi waombe manowari za nchi yao na za Marekani ziwatupie vielea. Waya wa intaneti uitwao TEAMS, uliolazwa kutoka Fujairah hadi Mombasa na kuzinduliwa mwaka 2009, ulipatwa na mengine. Waya wa namna hii hubeba vikuza-mwanga vilivyofungiwa chini ya bahari vikitarajiwa kutumika miaka 25 bila ya kuguswa. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitupa nanga mahali palipokatazwa, ikaukata. Robo karne ilikuwa imehesabiwa kwa makini, isipokuwa baharia mmoja.

Limebaki gumu la mwisho, nalo ndilo linalozikabili roboti ziishizo kati ya watu: dunia haikai kama ilivyokuwa jana. Kati ya mwaka 2013 na 2017 vyuo kadhaa vya Ulaya viliungana katika mradi uitwao STRANDS, ambamo roboti ziliwekwa, mathalani, katika nyumba ya kuwatunzia wazee mjini Vienna, kwa azma ya kufikisha muhula wa siku 120. Ramani iliyochorwa asubuhi ilikuwa imechakaa jioni, kwani viti vimehamishwa, milango imefungwa, na kivuli kimebadili sura ya ukumbi. Mmoja wa wataalamu wake, Tomáš Krajník, aliyekuwa Lincoln huko Uingereza, alipendekeza kwamba mabadiliko hayo yasitazamwe kama makosa ya ramani, bali yahesabiwe kama mizunguko: mlango huu hufunguka na kufungwa kila siku, ukumbi ule hujaa watu kila juma, jumlisha mizunguko, nawe utabashiri hali ya kesho. Hesabu yenyewe ni ya ukoo mmoja na ile ambayo William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliitia katika mashine yake ya kubashiri maji ya bahari mwaka 1872, akiigawanya bahari katika mizunguko ya mwezi na jua. Mvuvi wa Likoni, ajuaye kwa kuutazama mwezi kwamba leo ni bamvua na juma lijalo ni maji mafu, na saa ngapi mwamba utakuwa mkavu, hangeona ugeni mkubwa katika shauri hilo.

Barabara ya Mama Ngina nayo ina mizunguko yake. Ijumaa alasiri si kama Jumanne; Jumapili hujaa watoto; Ramadhani mchana ni kimya na usiku ni soko; kusi ikivuma chumvi hurushwa mpaka vichakani, na kaskazi ikija jua huunguza plastiki ikapasuka. Roboti iliyowekwa hapo, ya kufagia au ya kuuchunguza ufuo, ingeweza kujifunza hayo yote ikipewa mwaka. Lakini mwaka 2019 mahali hapo palibomolewa na kujengwa upya, na ramani yoyote ya kabla ya hapo ingekuwa batili bila ya mzunguko wowote kuibashiri. Hapo mtambo hauna hila ila kutambua kwamba umepotea, kusimama, na kumwita mtu. Nami naihesabu roboti iwezayo kufanya hivyo kwa wakati wake kuwa bora kuliko ile isongayo mbele kwa ujasiri hata ikaanguka baharini.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kule Tudor, na wenzao wote wenye kuunda mashine za namna hii, kwamba kabla ya kuionyesha roboti yao ukumbini kwa nusu saa ya kupigiwa makofi, waiweke Ras Serani tangu kaskazi moja hata kaskazi ya pili, na waandike daftarini kila mara mtu alipolazimika kwenda kuigusa: tarehe, sababu, na gharama. Na wenye kununua, iwe Bandari au serikali ya kaunti, walidai daftari hilo kabla ya kutoa hata shilingi moja.